Lile wingu dogo la kusini na nyota zake: maneno ya usiku wa Kizimkazi Dimbani

Mliopiga simu kwamba hamkuwahi kufika Dimbani, kusini ya Unguja, usiku ule wa kuangalia nyota, maneno yenyewe ni haya, nimeyaweka yote kama yalivyotoka mdomoni, nimeruka pale tu nilipokuwa naonesha picha ukutani maana bila ya picha hayana ladha.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu wavuvi, walimu, na nyie wanafunzi mliobanana hapo mbele, ahsanteni kwa kuja. Sheha ahsante kwa kutukubalia uwanja. Na hii vuli nayo tuishukuru, jana imetunyeshea mpaka usiku mkubwa, leo mbingu safi utafikiri hakijatokea kitu, alhamdulillah.

Nianze na suali. Nani hapa keshakesha baharini, giza la mwezi, akaangalia upande wa kusini akaona kijiwingu cheupe ambacho hakisogei? Upepo unavuma, mawingu mengine yanapita yanakwenda zake, chenyewe kipo palepale, unavua unarudi kipo, kesho yake kipo? Hebu nyoosheni mikono. Naona wavuvi tu. Walimu mbona kimya? Haya, na mie nilijua itakuwa hivyo, mbingu ya usiku hapa kijijini wanaijua wenye ngarawa, sie wengine tuko ndani tunaangalia tamthilia.

Sa nisikilizeni. Kile si kiwingu cha mvua. Kile ni galaksi. Galaksi nzima, mbali na hii yetu tunayoishi, ina nyota zake yenyewe, gesi yake, vumbi lake, na ndani yake mna makundi ya nyota yanazaliwa mpaka hivi leo. Wataalamu wanaita Wingu Dogo la Magellan, kwa jina la yule nahodha Mreno aliyeondoka Hispania 1519 kutafuta njia ya magharibi ya kwenda visiwa vya viungo, ingawa yeye wala hakuwa wa kwanza kuliona, watu wa kusini mwa dunia wameliona tangu binadamu ana macho. Iko na kubwa lake pia, Wingu Kubwa, hilo leo linachomoza kuchelewa, tutalifikia. Galaksi za namna hii huitwa galaksi kibete kwa sababu ni ndogo ukilinganisha na Njia Nyeupe, hii galaksi yetu tunayoishi. Ndogo, lakini ndogo ya mbinguni sio ndogo ya huku.

Na ndani ya lile Wingu Dogo mie nataka kuzungumza kundi moja tu la nyota. Moja. Halina jina la kupendeza, lina namba, NGC 290. Kwa nini hilo? Kwa sababu nimeona picha yake nikashindwa kulala, ile mliyoiona sasa hivi ukutani, na kwa sababu makundi na nyota za lile wingu ndo yaliyowafundisha watu kuupima ulimwengu, na habari hii imetokea upande wetu huu wa kusini, na sie wenyewe hatuna habari nayo.

Kwanza tujue kundi la nyota ni nini. Mnakijua Kilimia? Wazee wanakijua. Geukeni kaskazini mashariki, juu ya ile minazi, mnaona vinyota vimejikusanya pamoja, sita au saba? Ndo chenyewe. Wazee wakisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, wakakifanya kalenda ya kilimo. Basi Kilimia ni kundi la nyota, macho yetu yanaona hizo sita saba lakini ziko zaidi ya 1,000, zote zimezaliwa kutoka wingu moja la gesi na vumbi, wakati mmoja, miaka kama milioni 100 iliyopita. Ni nyota za hirimu moja. Hilo neno lishikeni, hirimu moja, ntalirudia sana usiku huu.

Kilimia kiko umbali wa miaka ya nuru 440 hivi. Mwaka wa nuru ni safari ya mwanga kwa mwaka mzima, na mwanga unakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde moja, kwa hivyo mwaka mmoja ni kilomita kama trilioni 9.5. Yaani huo mwanga wa Kilimia unaoingia jichoni mwako hivi sasa umeondoka kule kabla Wareno hawajaanza kuijenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593. Umeondoka, umesafiri, umefika leo Dimbani. Subhanallah.

Sasa NGC 290 ni kitu cha jamii ileile ya Kilimia, kundi la nyota changa za hirimu moja. Tofauti ni kwamba Kilimia kimo ndani ya galaksi yetu, majirani kabisa, na NGC 290 limo katika galaksi nyengine. Umbali wake? Miaka ya nuru 200,000. Narudia, laki mbili. Mwanga wake umeondoka kule wakati binadamu kama sie ndo kwanza wanaanza kuonekana duniani, yale mabaki ya watu wa kale kabisa yaliyofukuliwa Omo Kibish kule Ethiopia umri wake ni huohuo, miaka laki mbili na kitu. Hapa kwetu Unguja, pango la Kuumbi pale Jambiani, si mbali na hapa, waliochimba wamekuta athari za watu wa kama miaka 20,000 nyuma, wakati huo bahari iko chini sana na Unguja imeungana na bara, unakwenda kwa miguu. (Wapemba msicheke, najua, nyie mlikuwa kisiwa zamani hizo, mkondo wenu una kina.) Sasa chukua muda wote huo wa Kuumbi mpaka leo, uzidishe mara kumi, ndo safari ya mwanga wa kundi lile. Na upana wa kundi lenyewe, kutoka ncha hii mpaka ile, ni miaka ya nuru kama 65. Jua letu hili na nyota jirani yake wa kwanza wako mbali miaka ya nuru minne na kidogo tu, kule katika hiyo 65 zimejaa nyota juu ya nyota, nyengine za buluu, nyengine nyekundu.

Nani kaliona kwanza? Hapa wanafunzi sikilizeni vizuri, hii yenu.

Alikuwa kijana mmoja wa Uskochi, James Dunlop. Huyu hakutoka nyumba ya mabwana, alifanya kazi kiwandani, kiwanda cha nyuzi katika mji unaitwa Beith, bado mtoto. Lakini akapenda vyombo, akajifundisha kuunda darubini kwa mikono yake. Akatokea gavana aliyekuwa anakwenda Australia mwaka 1821, mtu anayependa nyota, akamchukua Dunlop akamsaidie kwenye nyumba yake ya kuangalia mbingu pale Parramatta, karibu na Sydney. Gavana mwishowe akarudi kwao. Dunlop kabaki. Na darubini yake mwenyewe ya kioo cha madini, maana wakati ule vioo vya darubini hizo vilikuwa vya shaba na bati vinasuguliwa mpaka ving'are, upana kama inchi tisa, akaanza usiku kwa usiku kuipekua mbingu ya kusini peke yake, baridi ya huko mnaijua kwenye filamu tu. Tarehe 1 Septemba 1826 ndani ya Wingu Dogo akaliona kundi letu. Kwake yeye lilikuwa ni ukungu mdogo tu, akaliandika akaendelea mbele. Orodha yake ilifika vitu 629, jumuiya ya wanafalaki wa Uingereza ikampa nishani ya dhahabu mwaka 1828. Mtoto wa kiwanda cha nyuzi!

Haya, si kila kitu kilikwenda sawa. Baadae mwanafalaki John Herschel, mwana wa William Herschel, mwanafalaki mkubwa naye, alikuja huku Afrika, Cape Town, kutoka 1834 mpaka 1838, na darubini kubwa zaidi, akavitafuta vile vitu vya Dunlop, akapata chini ya nusu. Vyengine havipo, Dunlop kaona vivuli, sijui kioo kimepata unyevu, sijui usingizi. Wapo mpaka leo wanaomdharau kwa hilo. Mie simdharau hata kidogo. Mtu mmoja, uwanja wa nyumba, darubini kaunda mwenyewe, na NGC 290 likawepo palepale alipolisema.

Sasa twende kwenye khasa yenyewe, maana mpaka hapa tumeona tu, hatujapima. Kuona kitu mbinguni si kazi, kila mwenye macho anaona. Kazi ni kujua kiko mbali kiasi gani. Utajuaje?

Wavuvi nisaidieni. Umesimama hapa ufukweni usiku, unaziona taa za madau ya dagaa baharini. Moja inang'aa sana, moja hafifu. Ile hafifu ndo iko mbali? Ehee, mzee anasema si lazima. Kwa nini si lazima? Kwa sababu huenda ile hafifu ni karabai ya zamani iko hapo karibu tu, na ile inayong'aa ni taa mpya za umeme ziko mbali kweli. Ukiwa hujui nguvu ya taa hujui umbali. Sasa chukulia madau yote yameenda kutia nanga kisiwani Pungume, yote sehemu moja. Ukisimama hapa Dimbani, umbali wa kila dau na wewe ni ule ule takriban. Hapo ile inayong'aa zaidi kweli ina nguvu zaidi, hakuna ujanja. Mmenipata? Madau yakiwa pamoja unaweza kulinganisha taa na taa, na ukishajua kwamba taa za aina fulani nguvu yake ni kadhaa, siku nyengine ukaiona taa ya aina ileile popote baharini utaweza kukisia iko wapi.

Hayo niliyoyasema sasa hivi ndo alivyofikiri mwanamke mmoja Marekani, Henrietta Swan Leavitt. Mama zangu huyu ni wenu. Alizaliwa 1868, masikio yake yalikuwa mazito, kusikia ilikuwa taabu. Akafanya kazi pale Harvard, si mbele ya darubini, wanawake wakati ule hawakuachiwa kuziendesha, wao waliajiriwa kukaa mezani na kuhesabu, senti 30 kwa saa. Picha za mbingu walizozichungua zilipigwa juu ya vioo huko kusini, Arequipa nchini Peru, kwa sababu kaskazini haya mawingu mawili hayaonekani kabisa, zikapakiwa melini, vioo vizito, mpaka Marekani. Bibi huyu akaviweka vioo hivyo kimoja kimoja akitafuta nyota zinazobadilika, zinazong'aa zikafifia zikang'aa tena. Mwaka 1908 akatoa hesabu: nyota 1,777 za kubadilika katika mawingu yale mawili. Elfu moja mia saba sabiini na saba, kwa jicho na lenzi ya mkono!

Halafu 1912 akaja na lile jambo. Alichukua nyota 25 za Wingu Dogo, aina wanayoiita Sefeidi, akaona hivi: ile inayochukua siku nyingi kupanda na kushuka ndo yenye mwanga mkubwa, na yenye siku chache ina mwanga mdogo. Mpangilio mmoja, hauvunjiki, kutoka nyota ya siku moja na kidogo mpaka ya siku 127. Na kwa kuwa zote zimo ndani ya wingu lilelile, umbali mmoja, basi tofauti hiyo ni ya nguvu ya nyota yenyewe. Mmeona? Yamekuwa madau ya Pungume. Kutoka siku hiyo ukiiona Sefeidi popote ulimwenguni unahesabu siku zake, unajua nguvu yake, unapata umbali.

Mwaka 1923 mwanafalaki mmoja wa Marekani, Edwin Hubble, akaiona Sefeidi moja ndani ya lile wingu la Andromeda, akapiga hesabu ya Bi Leavitt, akakuta liko mbali mno haliwezi kuwa ndani ya galaksi yetu. Hapo ndo ulimwengu ulipofunguka, watu wakajua galaksi ziko nyingi. Yote kwa ufunguo uliotoka kwenye hichi kijiwingu chetu hapa! Na Leavitt mwenyewe? Alikwisha kufa 1921. Mwaka 1925 mtaalamu mmoja wa hisabati wa Sweden akaandika barua kumuulizia anataka kumpendekeza apewe tunzo ya Nobel, akajibiwa bibi keshaondoka. Ndo mambo ya dunia hayo, watu wanakumbukwa wakishafukiwa.

Ya Afrika sasa. Mwaka 1952, mkutano mkubwa wa wanafalaki Roma, Italia. Wakati huo hesabu za umbali zilikuwa na ugonjwa mkubwa, kwa vipimo vya miaka ile ulimwengu ulionekana una umri wa miaka kama bilioni mbili, na wanaopima mawe wanasema dunia yetu hii ni kongwe kuliko hivyo. Ardhi iwe na umri mkubwa kuliko ulimwengu iliyomo ndani yake, inaingia akilini? Haiingii. Mjerumani mmoja aliyekuwa Marekani, Walter Baade, na darubini kubwa kuliko zote duniani wakati ule, ya Palomar, akasimama akasema jamani nimetafuta katika Andromeda nyota za kubadilika za aina fulani, RR Lyrae, taa ambazo nguvu yake tunaijua, zilitakiwa zionekane na hazionekani, naona Andromeda iko mbali mara mbili ya tulivyodhani. Ni dai zito hilo. Nani atamuunga mkono?

Akasimama David Thackeray, ametoka Pretoria, Afrika Kusini, kituo cha kuangalia nyota cha Radcliffe. Yeye na mwenzake Wesselink walikuwa wanazitafuta nyota hizohizo za RR Lyrae, wapi? Kwenye makundi ya nyota ya mawingu haya mawili! Na wamezipata, katika kundi kongwe la NGC 121 ndani ya Wingu Dogo, na mwanga wake ni hafifu kuliko ilivyotarajiwa, kwa kiasi kilekile anachokisema Baade. Kwa hivyo mawingu nayo yako mbali mara mbili. Kwisha. Ulimwengu ukaongezeka mara mbili kikao kimoja. Leo umri wake unahesabiwa miaka bilioni 13.8 na ardhi yetu bilioni 4.5, kila kitu kimekaa mahala pake.

Sasa turudi kwenye NGC 290, na lile neno nililosema mulishike. Hirimu moja. Kwa nini wanafalaki wanayapenda makundi haya? Ukiangalia nyota moja peke yake mbinguni huwezi kujua umri wake kirahisi, haina cheti cha kuzaliwa. Ila kundi zima lililozaliwa pamoja linajisema lenyewe. Nyota nzito huwaka kwa kasi, buluu, moto mkali, na humaliza haidrojeni yake upesi, miaka milioni chache. Nyota nyepesi huwaka pole pole mabilioni ya miaka, jua letu hili lina mabilioni yake kama matano bado msihangaike. Kwa hivyo unaangalia katika kundi: kubwa za buluu zipi zimebaki, zipi zishavimba zikawa nyekundu maana zinakaribia mwisho wake, zipi hazimo tena. Ukijua zilizokwisha unajua umri. Kwa njia hiyo NGC 290 limekisiwa lina miaka makumi ya milioni tu, baina ya 30 na 60 hivi. Changa hata kuliko Kilimia. Zile nyekundu mlizoziona kwenye picha, zimechomoza baina ya za buluu, si kwamba zimezaliwa zamani zaidi, la, zimezaliwa siku moja na wenzao, uzito wao tu ndo umewazeesha mbele ya wenzao.

Picha yenyewe ilipigwa na darubini ya angani Hubble mwaka 2004, ikatolewa 2006. Ile ukungu ya Dunlop imekuwa mamia ya nyota, kila moja na rangi yake, unaweza kuzihesabu.

Na hapa nimalize uvumi mmoja unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Wanasema ati nyota tunazoziona nyingi zishakufa zamani, tunaona mwanga wa maiti. Si kweli jamani. Chukua hili kundi, mwanga wake una miaka laki mbili njiani. Laki mbili kwa kundi la miaka milioni 30 au 60 ni nini? Hata sehemu moja katika mia haifiki. Nyota zake karibu zote ziko hai saa hii tunapozungumza, labda moja mbili katika zile nyekundu. Na Kilimia, na nyota zote mnazoziona kwa macho usiku, mwanga wake una miaka michache, mamia, au maelfu machache, hazina neno. Kifo cha nyota tunakijua kinavyokuwa, Februari 1987 nyota moja nzito ndani ya Wingu Kubwa ililipuka, Ian Shelton akaiona kwenye picha yake akiwa Las Campanas, Chile, akatoka nje akaangalia kwa macho yake, kweli ipo. Watu wa kusini wakaiona miezi bila ya darubini. Saa chache kabla ya mwanga kufika, mtego wa chini ya ardhi kule Japani ulikuwa umeshanasa vijichembe vya nutrino kutoka ndani ya mlipuko huohuo. Tunajua nyota nzito namna ile ikifa, haifi kimya kimya.

La mwisho katika haya ya sayansi na nitalipita haraka. Wingu Dogo lina upungufu wa elementi nzito, chuma, oksijeni, kaboni na wenzao, kama moja ya tano ya kiasi kilichomo katika jua letu. Ndo maana wanalipenda, kwa sababu ulimwengu ulipokuwa mchanga galaksi zote zilikuwa hivyo, ukitaka kujua nyota za mwanzo zilizaliwa vipi, una mfano hai karibu yako. Mwaka 2024 darubini ya angani ya Webb iliangalia kundi jengine la humo humo, NGC 602, ikakuta vitu vinavyoonekana kuwa vibete vya kahawia, hivyo ni vitu vilivyotaka kuwa nyota vikakosa uzito, mara ya kwanza kuonekana kwa wingi nje ya galaksi yetu. Basi.

Sasa nataka niseme langu. Mtu wa London akiishi miaka mia halioni wingu hili. Mtu wa Cairo halioni. Makka yenyewe halichomozi kabisa, liko chini ya upeo mwaka mzima. Nahodha akitoka Maskati na kaskazi kuja huku, kwao hana wingu hata moja katika haya mawili, anashuka na upepo wake, nyota ya Suheli inapanda kila usiku, wanapima kwa vidole vya mkono na kile kibao cha kamal, na kadiri anavyokuja kusini na haya mawingu yanazuka kutoka baharini mbele yake. Akifika Kizimkazi, msikiti wetu huu wa mwaka 1107 ushasimama, mawingu yote mawili yako juu. Herschel kapakia mke na watoto na darubini melini akazunguka nusu dunia aje aone kitu ambacho sie tunakiona tukitoka nje kujisaidia. Na leo wakija wageni tunawapeleka kuona pomboo asubuhi, usiku tunawawashia mataa mpaka kwenye mchanga! Nani amesema mgeni anataka taa ufukweni? Taa kwao anazo. Mie silaumu hoteli yoyote kwa jina, nasema tu taa ikiangalia chini inatosha kumulika njia, ikiangalia juu inamulika nini? Vijana mnaopeleka wageni fikirieni, usiku wa giza la mwezi ni biashara, na haimaliziki kama samaki.

Basi maneno yatosha, tushukeni ufukweni. Nakuelezeni mapema kusudi tusisukumane huko. Ukifika, geuka kusini. Itafute nyota moja inang'aa peke yake, juu kama ngumi nne ukinyoosha mkono, hiyo inaitwa Akhiri Nahar. Kutoka hapo shuka pole pole mpaka kama ngumi mbili na kitu juu ya bahari, kijiwingu utakiona, usikitumbulie macho moja kwa moja, angalia pembeni yake kidogo kinatokea chenyewe. Macho yanataka dakika ishirini mpaka thelathini kuzoea kiza, anayewasha tochi anawaharibia wote. Karibu na kijiwingu mtaona kama nyota yenye ukungu, msije mkaniambia mmeona NGC 290, hiyo ni 47 Tucanae, kundi kongwe kubwa la galaksi yetu wenyewe, liko mbele huko njiani, miaka ya nuru kama 15,000 tu, linaonekana jirani na wala si jirani. NGC 290 kwa macho halionekani, wala kwa darubini ya macho mawili. Kwa hii darubini kubwa tuliyonayo mtaliona kama ukungu mdogo, kama alivyoliona Dunlop, msitarajie rangi za kwenye picha halafu mkanidai.

Watoto wanaanza, halafu wazee, halafu sie. Usiishike darubini, chungulia tu, ukiigusa inahama na inabidi tutafute upya. Suheli sasa hivi ndo inachomoza kule kusini mashariki, na Wingu Kubwa liko chini bado, kwa hivyo wanaotaka kulisubiri lipande vizuri wakae mpaka saa sita usiku, chai ya tangawizi ipo, vikombe havitoshi, mwenye nyumba karibu alete chake.